Wajumbe Waliorudi: Utafiti na Hatima ya Matokeo Yake katika Kusadikika ya Shaaban Robert

Riwaya ya Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, imehakikiwa kwa muda mrefu katika misingi miwili. Msingi wa kwanza ni wa kihistoria: nchi iliyo angani huchukuliwa kuwa fumbo la Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, na baraza la Majivuno huwa ni dola la kikoloni lililovikwa kilemba. Msingi wa pili ni wa kimaadili: Karama ni wema, Majivuno ni ubaya, na riwaya ni mizani inayoonyesha upande ulio mzito. Misomo yote miwili ina ushahidi matinini. Hata hivyo, yote miwili inapita haraka juu ya jambo ambalo mwandishi ameliweka wazi kabisa. Watu sita wanaoteseka katika riwaya hii si waasi wala wagombea madaraka. Ni watu waliokwenda kutafuta maarifa kwa ajili ya nchi yao, wakayapata, wakarudi nayo. Balaa lao linaanza siku ya kurudi.

Makala haya yanaisoma Kusadikika kama riwaya ya utafiti, yaani riwaya inayouliza maarifa mapya hupata hatima gani yanapofikishwa mbele ya watu wenye uwezo wa kuyakubali au kuyakataa. Hoja inayojengwa ni kwamba Shaaban Robert ameeleza kwa usahihi mkubwa namna matokeo ya utafiti yanavyozimwa, lakini riwaya yake inachanganya mambo mawili ambayo mtahini yeyote hulazimika kuyatenganisha: haki ya mtafiti kusikilizwa na ukweli wa kile alichokileta. Uhakiki wa Kiswahili umeurithi mchanganyiko huo, na kwa kiasi fulani umeugeuza kuwa desturi.

Kisa kinafahamika, kwa hiyo kinatosha kukumbushwa kwa ufupi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria katika Kusadikika. Katika kujitetea, hazungumzii sana matendo yake mwenyewe. Kwa muda wa siku sita analisimulia baraza habari za wajumbe sita waliowahi kusafiri kutafuta mambo mema: wanne kwenye pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mmoja alirudi na sheria na taratibu alizoziona zikiwanufaisha wengine, na kila mmoja akaishia kifungoni. Mwishoni mfalme anamwachilia Karama, na wajumbe nao wanafunguliwa.

Majina ya wajumbe hao yamezoeleka kuchukuliwa kama orodha ya sifa njema, jambo la kawaida katika kazi za mwandishi huyu ambaye wahusika wake hubeba maana zao mabegani kama mizigo. Lakini orodha hii ina mpangilio wake. Buruhani ni ushahidi, hoja isiyopingika. Fadhili ni wema unaotolewa bila kudai malipo. Kabuli ni kukubali, Auni ni msaada, Ridhaa ni idhini ya hiari, Amini ni kuaminika. Mtafiti wa leo anayejaza fomu za maadili atashangaa kuona kwamba karibu kila anachodaiwa kimetajwa hapo, ikiwamo ile ridhaa ambayo utafiti wa tiba hauwezi kuanza bila saini yake. Nayo nchi inayowafunga watu hawa imeitwa kwa jina linalotokana na kitenzi kusadiki. Nchi inayodai kuwa inasadikika imemtia gerezani Ushahidi. Kinaya hiki ni kikali kuliko kejeli yoyote dhidi ya Majivuno, na kwa kuwa kimefichwa ndani ya majina, ni rahisi kukisoma mara nyingi bila kukisikia.

Jambo la pili linalostahili kutazamwa kwa makini ni urudiaji. Safari sita zinafanana kwa umbo: mjumbe anajitolea au anatumwa, anaaga, anasafiri kwa taabu, anaona, anarudi, anatoa taarifa, anahukumiwa. Msomaji wa kisasa anaweza kuchoka kufikia safari ya nne. Urudiaji huo unaweza kuelezwa kuwa ni athari ya ngano na hekaya za masimulizi, na hapana shaka kwamba athari hiyo ipo. Bado maelezo hayo hayatoshi. Mwandishi aliyetaka tu kuonyesha kwamba utawala ni dhalimu angetosheka na mjumbe mmoja au wawili. Wajumbe sita wanafanya kazi nyingine. Kila mara mwelekeo wa safari unabadilishwa, mjumbe anabadilishwa, na habari inayoletwa inabadilishwa. Kinachobaki bila kubadilika ni baraza, na matokeo nayo hayabadiliki. Huo ndio utaratibu wa jaribio: vipengele vyote hubadilishwa isipokuwa kimoja, kisha hutazamwa kama tokeo litabaki vilevile. Karama, ambaye hana maabara wala takwimu, analithibitishia baraza kwamba chanzo cha maafa ya wajumbe hakiko mashariki wala magharibi, hakiko mbinguni wala ardhini. Kimo ndani ya chumba kilekile ambamo anasimama akizungumza. Urudiaji unaomchosha msomaji ndio unaoifunga hoja.

Kwa mtazamo huu, utetezi wa Karama unakaribiana sana na utetezi wa tasnifu. Mtetezi anasimama mbele ya jopo, anapitia yaliyotangulia, anaonyesha pengo, anatoa hitimisho. Tofauti ni kwamba katika jopo hili mshtaki ni miongoni mwa wenye kusikiliza, na anayeshindwa harudi kusahihisha sura ya nne. Hupoteza uhuru wake. Shaaban Robert, aliyefanya kazi ya ukarani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, katika forodha, katika idara ya mifugo, katika ofisi ya wilaya na katika upimaji wa ardhi, aliujua ulimwengu wa taarifa na majalada kutoka ndani. Karani huona jinsi taarifa inavyokufa. Mara nyingi haichomwi moto. Hupokelewa, hupigwa muhuri, hupewa namba, na kuwekwa mahali pake.

Hapa ndipo uhakiki unapolazimika kuiuliza riwaya swali gumu. Je, Karama amethibitisha nini? Amethibitisha kwamba wajumbe sita walitendewa isivyo haki. Hajathibitisha kwamba sheria walizozileta zingeifaa Kusadikika. Hayo ni madai mawili tofauti, na ushahidi wa dai la kwanza hauwezi kutumika kwa dai la pili. Mtu anaweza kudhulumiwa huku akiwa amekosea; na mtu anaweza kutukuzwa huku akisema kweli. Riwaya inamwongoza msomaji avuke kutoka dai moja hadi jingine bila kuhisi kwamba amevuka. Mateso ya mjumbe yanageuzwa kuwa uthibitisho wa ujumbe. Hoja ya Karama ina nguvu mahakamani kwa sababu mahakama hushughulika na haki. Ingekuwa dhaifu mbele ya wataalamu wa sheria wanaotaka kujua kama taratibu za nchi nyingine zinaweza kuota mizizi katika udongo mwingine.

Tena udongo wenyewe haupo. Kusadikika iko angani, na sifa hiyo, ambayo kwa kawaida husifiwa kwa ubunifu wake, ina gharama yake. Wajumbe wanatafiti kila upande isipokuwa nyumbani. Hakuna hata mmoja anayetumwa kwenda kwa Wasadikika wenyewe kuuliza wanaishije, wanaumizwa na nini, na wangependa sheria gani. Raia wa kawaida wanatajwa, wanahurumiwa, wanatetewa, hawaulizwi. Utafiti wote wa riwaya hii ni wa kwenda kutazama kwa wengine na kurudi na mfano wa kuigwa. Hapana budi kukiri kwamba mwaka 1951 kulikuwa na sababu za kuweka nchi angani, kwa kuwa mwandishi mtumishi wa serikali ya kikoloni asingeweza kuiteremsha ardhini bila hatari. Lakini sababu ya tahadhari haiondoi matokeo yake katika umbo la kazi. Ni vyema kulinganisha na tukio la kihistoria la miaka ileile. Wameru walipoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Mjumbe huyo hakwenda kutafuta sheria njema za watu wengine. Alibeba habari za watu waliomtuma, na waliomtuma walijua alichokibeba. Kusadikika haina mjumbe wa aina hiyo. Wajumbe wake wanakwenda kuleta, hawaendi kupeleka.

Kwamba haki ya kusikilizwa na ukweli wa matokeo ni vitu viwili, hilo linaonekana waziwazi katika kisa kimoja cha sayansi kilichoanzia si mbali na alikozaliwa Shaaban Robert. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, aliweka kwenye friza mchanganyiko wa maziwa na sukari ungali moto, akiharakisha asikose nafasi. Aiskrimu yake ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambayo haikuwa moto. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia inayojulikana duniani. Alipomuuliza swali lilelile mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Aliagiza jaribio lifanyike maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Jina la kijana aliyedhihakiwa sasa limo katika vitabu vya fizikia.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama Kusadikika ndogo: mjumbe, dhihaka, ushindi. Usimulizi huo unakatisha habari mapema mno. Mjadala kuhusu tokeo la Mpemba haujafungwa. Mwaka 2016, Burridge na Linden walichapisha utafiti uliotilia shaka kama maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi pindi vipimo vinapofanywa kwa uangalifu unaotakiwa, na wanafizikia wengine wanaendelea kulitafutia jambo hilo maelezo. Shaka hiyo haimpunguzii Mpemba chochote. Alikuwa na haki ya kusikilizwa hata kama ingebainika kwamba kipimajoto kilisema vingine. Osborne alimpa haki hiyo kwa njia pekee inayokubalika kisayansi: hakumwamini wala hakumkataa, bali alirudia jaribio. Mfalme wa Kusadikika hafanyi hivyo. Anatoa hukumu kwa kuguswa na maneno ya Karama. Hakuna anayesema: sheria hii ijaribiwe katika kijiji kimoja kwa mwaka mmoja, kisha tuone.

Upande wa elimu una mfano unaofundisha kinyume chake, na ambao Shaaban Robert hakuuona kwa kuwa haukuwa umetokea. Mwaka 1980 iliteuliwa nchini Tanzania Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, na mwaka 1982 ikawasilisha taarifa yake. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, kisha kifike chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walionyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini mno kuweza kuwabebea masomo yao. Hatua iliyofuata ikawa ni mradi wa kuimarisha Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikakiacha Kiingereza mahali pake. Wajumbe hawa hawakutiwa pingu. Walipokelewa, wakashukuriwa, na taarifa zao zikanukuliwa katika tasnifu baada ya tasnifu, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza, katika nchi ambamo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliendelea kukariri baiolojia asiyoielewa.

Mfano huu unalazimisha Kusadikika isomwe upya. Riwaya inaamini kwamba adui wa maarifa ni gereza. Hivyo basi ufunguo ukishageuzwa, tatizo limekwisha. Lakini gereza ni njia ya dola linaloogopa. Dola lisiloogopa lina kabati. Majivuno alikuwa adui wa kizamani kwa kuwa aliyachukulia maarifa kwa uzito, akayapa heshima ya kuyaadhibu. Katika baraza la kisasa Majivuno angesimama kuwapongeza wajumbe kwa kazi nzuri, akaunda kamati ya kuyapitia mapendekezo, na Karama asingekuwa na kesi ya kujitetea. Udhaifu huu wa riwaya hautokani na ufinyu wa fikra za mwandishi. Unatokana na tanzu aliyoichagua. Hekaya huhitaji mhalifu mwenye jina, na uzembe wa asasi hauna jina la kuandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna sehemu moja katika kazi za Shaaban Robert ambapo anaukaribia uzembe huo. Katika Kufikirika, iliyochapishwa baada ya kifo chake, mfalme asiye na mtoto anawaita waganga wa aina nyingi, wa mizizi, wa hirizi, wa makafara, hadi watabiri. Hapo maarifa hayapigwi marufuku hata kidogo. Yanaalikwa yote kwa pamoja, na kila mwenye dai lake hupewa nafasi. Kufikirika inasumbuliwa na maradhi yaliyo kinyume cha yale ya Kusadikika: kusikiliza kila kitu bila kigezo cha kupima chochote isipokuwa haja ya mfalme. Riwaya hizi mbili zikisomwa pamoja, inaonekana kwamba mwandishi aliyajua maradhi yote mawili. Kilichokosekana ni kuyaweka katika nchi moja, na nchi hiyo moja ndiyo iliyo karibu zaidi na uhalisia wa taasisi za utafiti.

Imesemwa awali kwamba uhakiki wa Kiswahili umeurithi mchanganyiko wa Karama. Ushahidi wake umo katika muundo uliozoeleka wa tasnifu za fasihi. Nadharia huteuliwa katika sura ya kwanza au ya pili. Katika sura ya nne hukusanywa vifungu vya riwaya vinavyokubaliana nayo, kimoja, kingine, kingine tena, na kila kifungu hufuatwa na sentensi inayosema kwamba mfano huu unathibitisha dhamira iliyotajwa. Sura ya tano hutangaza kwamba malengo yametimia. Huo ni utetezi wa siku sita. Una wingi wa mifano na hauna mfano hata mmoja ulioruhusiwa kusema hapana. Karama alikuwa na udhuru, kwa maana alikuwa akitetea maisha yake, na mshtakiwa halazimiki kuleta ushahidi unaomdhuru. Mtahiniwa hana udhuru huo. Anapoihakiki Kusadikika yenyewe, mara nyingi humchukua Karama kuwa msemaji wa mwandishi, na kauli zake zikawa ndizo dhamira za riwaya, bila kuuliza ni wapi hoja yake inavuja. Mhakiki anakuwa mjumbe wa saba, anayerudi na habari ambayo baraza lilikwisha kuikubali kabla hajaondoka.

Si kila tasnifu iko hivyo, na si haki kuzitia zote katika kapu moja. Euphrase Kezilahabi, aliyeandika tasnifu yake ya uzamili juu ya Shaaban Robert katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, baadaye aliandika riwaya ambazo wahusika wake hawakubali kubeba sifa moja tu kama majina ya Kusadikika yanavyobeba. Inawezekana kabisa kuziona riwaya hizo kama uhakiki uliofanywa kwa njia nyingine: jibu la mtafiti aliyemheshimu mwandishi wake kiasi cha kutokubaliana naye. Heshima ya namna hiyo ni adimu katika usomaji wa Shaaban Robert, ambaye amezoea kusifiwa kwa sauti inayofaa hafla kuliko maktaba.

Mwisho wa riwaya unabaki na swali ambalo wahakiki hawajalitilia mkazo. Karama anaachiliwa kwa hukumu ya mfalme. Mfalme yuleyule, au kiti kilekile, ndicho kilichoruhusu vifungo vya awali. Hakuna utaratibu unaowekwa ili mjumbe wa saba atakaporudi asihitaji tena mtu mwenye ufasaha wa Karama kumtetea. Riwaya inafungwa karibu na hukumu, na haimwonyeshi msomaji Kusadikika ikiishi chini ya sheria ambazo watu sita walipoteza miaka yao kuzileta. Buruhani yuko huru. Kama kuna aliyemwita tena barazani, akamketisha, akamuuliza kwa utulivu ni nini hasa alichokiona huko alikokwenda, alikipimaje, na nani mwingine anaweza kwenda kukihakiki, riwaya haisemi.